Bastola ya Saizi Mpya

Jumamosi, 12 Novemba

Nisamehe, Corinne. Daftari hili ulinipa Septemba, ukanikabidhi na kalamu yake, ukasema, "Kwenye simu unanidanganya, mdogo wangu, basi andika." Miezi miwili nimelitazama tu likiwa juu ya friji. Si kwamba nilikosa la kusema. Emmet hanipi usiku, Hattie hanipi mchana, na nikipata nafasi ya kukaa naiogopa kalamu kuliko vyombo vichafu. Leo wamelala wote wawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo naanza.

Ukweli ndio huu. Baba yao, Lyle, anatoka jela mwezi wa tatu. Karatasi ya mahakama inasema asitusogelee, nami nimeibandika kwenye friji kwa ile sumaku ya samaki. Lakini sherifu yuko mbali, njia yetu inaishia hapa hapa, na simu hushika tu ukipanda juu ya rundo la kuni. Gari langu lilikufa Oktoba. Trela tunamoishi liko kwenye ardhi ya Orrin, baba yake Lyle, na dirisha langu la jikoni linatazamana na dirisha lake la jikoni. Nikiwasha taa anajua. Akizima yake najua.

Uliniambia nije kwako. Nije kwa miguu, dada, na mtoto mgongoni, kuvuka mlima ule?

Nimeamua kununua bastola. Usishtuke, tumekulia kwenye nyumba yenye bunduki nyuma ya mlango. Nataka ndogo, isiyokwama, na ambayo mkono wangu wa kushoto utaiweza. Mfupa alionivunja Lyle uliunga, lakini uliunga vibaya. Hata mfuniko wa chupa ya jemu namwomba Hattie anishikie.

Jumapili, 13 Novemba

Emmet anaota jino. Basi.

Alhamisi, 17 Novemba

Alhamisi ndiyo siku Orrin anayonipeleka mjini. Yeye huenda kuchukua chakula cha ng'ombe wake, kisha hukaa mkahawani na wenzake aliokata nao magogo zamani, wanyamaze pamoja. Leo nilimwachia Hattie na keki, nikaingia dukani kwa Dwight Petrak na Emmet kifuani.

Unamkumbuka Dwight, anayeuza chambo, buti, bunduki na umbea. Nikamwambia ninachotaka. Hakuuliza kwa nini, maana kila mtu hapa anajua kwa nini. Akaniwekea kwenye kaunta rivolva ndogo yenye mpini wa waridi, akasema wanawake wengi huondoka na hiyo.

"Wangapi huirudisha?" nikamuuliza.

Akacheka, akasema mimi kweli ni binti wa mama yangu. Ile rivolva ni nyepesi, na nyepesi ndiyo inayopiga teke kubwa. Triga yake nzito kama kung'oa msumari. Nikairudisha. Akatoa nyingine bapa za milimita tisa, zile ambazo kila mtu anazo. Tatu nilizijaribu. Zote mkono wangu ulishindwa kuzikoki. Springi ya bastola ndogo huwa ngumu sana, Dwight akasema, lazima iwe hivyo, na mimi nikasimama pale natokwa jasho kama mtu anayefungua mtungi mbele ya wageni.

Mwisho akainama, akatoa moja kutoka kabati la chini. Ndogo kama zile, lakini ya saizi mpya ya risasi. Risasi yake ni nyembamba, kwa hiyo zinaingia nyingi zaidi, na teke lake ni dogo. Nikaikoki mara ya kwanza. Nikaikoki tena. Emmet akakishika kidole changu akitabasamu kana kwamba mama yake ameshinda mbio.

Bei ilikuwa imeshushwa. Nilipaswa kuuliza kwa nini, sikuuliza. Akapiga simu ya kunichunguza kama mimi si mhalifu, ikarudi safi. Akanipa na boksi mbili za risasi, akasema ndizo alizo nazo kwa sasa. Nikaficha kila kitu kwenye mfuko wa nepi.

Ijumaa, 18 Novemba

Nimeiweka kwenye sufuria kubwa ya jemu, juu kabisa ya kabati. Hattie kaniona. Nikapiga magoti, nikamwonyesha imefunguliwa, haina kitu, nikamwambia: hii ni ya mama, haiguswi, hata ukinikuta nimelala, hata nikiwa nalia. Akaniuliza, "Hata ikianguka?" Hata ikianguka, mama. Unakuja kuniita.

Ana miaka minne. Hayo si ya kumwambia mtoto wa miaka minne, lakini nimemwambia.

Jumapili, 20 Novemba

Orrin alitoka asubuhi, akaifagia theluji pikapu ya Lyle iliyo nyuma ya ghala, akafungua boneti, akaiwasha, akaiacha ingurume robo saa huku amesimama kando na kikombe chake. Jumapili iliyopita alifanya hivyo hivyo, na ya kabla yake. Anamtunzia mwanawe gari. Nimeosha vyombo bila kuinua macho.

Alhamisi, 24 Novemba

Sikukuu ya shukrani. Tumekula bata mzinga kwa Orrin. Aliweka kiti cha Lyle mezani, kitupu. Hattie akauliza kiti cha nani. "Cha anayechelewa," Orrin akasema, akamkatia paja.

Nikanyanyuka kukusanya sahani kabla ya wakati.

Jumapili, 27 Novemba

Unajua kanuni ya watu wa huku: bastola mpya usiiamini mpaka imekula risasi mia mbili bila kukohoa. Nilimwachia Orrin watoto, nikasema naenda kunyoosha miguu. Akautazama mfuko wa nepi niliobeba, akamtazama Emmet niliyemwacha mikononi mwake, akasema vyema, nyoosha.

Nikashuka kwenye shimo la changarawe. Magazini ya kwanza iliisha safi, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi nilisikia mwili wangu umenyooka. Magazini ya pili ilikwama katikati. Ganda la risasi limesimama wima kwenye tundu la kutokea kama bomba la jiko. Nikalitoa, nikaendelea. Ikakwama tena. Boksi moja imeisha na sijui kama kosa ni la bastola, la risasi, au la kiganja changu.

Niliporudi, Orrin alikuwa ameketi na Emmet amelala kifuani mwake. Hakuinuka.

"Hiyo si tisa," akasema.

"Nini?"

"Mlio. Tisa inabweka. Hiyo inavunjika kama tawi kavu. Ni saizi gani?"

Nikamtajia. Kudanganya kungesaidia nini? Akaguna.

"Ilinyamaza mara mbili."

"Ilikwama."

Akaguna tena, akanipa mtoto, akavaa kofia yake akaenda. Hakuniuliza ya nini. Hilo ndilo linaloniogopesha. Kila Jumamosi ya pili anakwenda jela kumwona Lyle, na huko wana saa nzima ya kuongea.

Alhamisi, 1 Desemba

Dwight hana risasi. Hana, na hajui lini. Kiwanda kinatengeneza zile ambazo watu wengi wananunua, na hii saizi mpya watu hawajaizoea. Ameuza bastola tatu tu za aina hiyo: moja kwangu, moja kwa daktari wa meno, na ya tatu ni yake mwenyewe ambayo hataki kuizungumzia. Nikamwambia, kwa hiyo umeniuzia jembe lisilo na mpini. Akawa mwekundu. Akasema angeipokea tena, lakini kwa kubadilisha na nini? Na kweli, na nini? Nyingine siziwezi.

Kuhusu kukwama, akanishika mkono, akanionyesha. Kiganja changu kinalegea wakati wa kupiga, bastola inayumba, ganda halitoki. Risasi yenye nguvu kidogo zaidi ingesaidia, akasema. Kama ingekuwepo.

Nilikupigia kutoka kwenye simu yake. Ukaulizia maduka yote ya kwenu na jibu lilikuwa lile lile, hawajapata hata kuiona. Watu wa mjini husema wa kijijini tunashangaa vitu vipya. Safari hii mimi ndiye niliyetangulia, na tazama.

Nimebaki na boksi moja. Nikiijaribia, sina ya kujilindia. Nisipoijaribia, sijui kama itanilinda. Nimelizungusha hilo kichwani njia nzima ya kurudi, Orrin anaendesha, Hattie anaimba wimbo mmoja tu.

Jumapili, 4 Desemba

Pikapu. Robo saa.

Jumapili, 11 Desemba

Theluji imefika kwenye vioo. Greda la kusukuma theluji limepita mara moja wiki hii. Pikapu iliwashwa hata hivyo. Alichimba kwanza njia ya kufikia mlango wake.

Jumatano, 14 Desemba

Nilishuka shimoni kuokota maganda yangu, maana huku hatuachi maganda yakakanyagwa na ng'ombe wa watu. Hakuna hata moja. Theluji imefukuliwa, imechungwa kama unga. Na nyayo ni za buti za Orrin.

Ameyachukua akamwonyeshe Lyle. Sioni sababu nyingine. Jumamosi ndiyo siku ya kwenda.

Jumamosi, 17 Desemba

Alikwenda. Alirudi. Alituletea machungwa.

Jumatano, 21 Desemba

Kwenye sanduku la barua kulikuwa na kifurushi kidogo kizito, jina la Orrin, kutoka duka la mbali la kuagizia. Kina uzito wa chuma. Nikampelekea. Akakiweka chini ya mkono haraka kama mtoto aliyekamatwa na pipi, akasema ni cha ghalani. Zawadi ya mwanawe, nikawaza. Nikamchukia, Corinne, kwa mara ya kwanza nikamchukia kabisa, yule yule anayenipasulia kuni.

Jumapili, 25 Desemba

Hattie alipata sleji aliyochongewa na babu yake. Pikapu iliwashwa hata leo.

Jumatatu, 2 Januari

Baridi ya kupasua vioo. Mabomba yameganda. Orrin alilala kifudifudi chini ya trela na kikaushia nywele changu mpaka maji yakatoka. Simwelewi mtu huyu.

Kila siku watoto wakisinzia nafanya mazoezi makavu, bila risasi. Naikoki, nalenga kitasa cha mlango, navuta triga, kiganja kigumu. Mkono unauma, lakini hautetemeki kama zamani.

Jumapili, 8 Januari

Nilipanda kwenye rundo la kuni kukupigia, nikakuta ujumbe wa ile sauti ya mashine ya jela. Mfungwa ataachiliwa mapema, tarehe tatu Februari. Bonyeza moja kama umeelewa.

Nikabonyeza moja. Nikakaa juu ya kuni mpaka Hattie akatoka kunitafuta.

Alhamisi, 12 Januari

Sikwenda mjini. Nilimwambia Orrin kichwa kinauma. Akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Umepata ile simu," akasema.

"Nimepata."

"Hata mimi."

Akaenda.

Jumapili, 15 Januari

Leo, baada ya kuiwasha pikapu, hakurudi kwake. Alikuja kwangu, akaweka mezani kopo la kahawa. Likatoa mlio wa uzito. Nikalifungua. Limejaa risasi. Maganda yangu, yale yale, yamesuguliwa yakang'aa, na kila moja lina kichwa kipya.

Nilijua kwamba hujaza upya mwenyewe maganda ya risasi zake za kulungu. Kila mzee huku ana benchi lake la kujazia ghalani. Lakini kwa saizi hii mpya alilazimika kuagiza vifaa vyake upya. Ndicho kilichokuwa kwenye kifurushi. Na maganda mengine, akasema, amemwomba daktari wa meno.

"Hazijatiwa baruti ya kuzidi, ila zina nguvu kidogo kuliko za dukani. Zitasukuma hata kama mkono umelegea. Nimezipima moja moja."

Nikashika moja, nikairudisha. Mwisho nikasema, "Orrin, unajua ni za kumpiga nani."

"Najua." Akageuza kofia mikononi. "Nilimfundisha mimi kulenga. Kwenye shimo lile lile."

Nikamuuliza kwa nini basi. Akatazama kitasa cha mlango ninachokilenga kila siku kana kwamba nacho kinamjua. Akasema mkewe aliondoka duniani akiwa na meno mawili ya bandia mbele, na watu wote hapa waliamini kwamba alianguka kwenye barafu. Akasema hilo tu. Nikaelewa haikuwa barafu, ulikuwa mkono wake, na nikaelewa Lyle alikoutoa wa kwake.

Kisha akaomba jambo moja: siku ikifika, nimpe yeye nafasi ya kusema kwanza.

Nikamwambia, "Nafasi moja, Orrin. Akigusa ngazi yangu, nafasi imeisha."

"Ni haki," akasema.

Jumamosi, 21 Januari

Alikaa na watoto, nikashuka shimoni na kopo. Kila siku kidogo, wiki nzima sasa, jioni naokota maganda, yeye anayajaza tena. Leo zimetimia mia mbili na haijakohoa hata mara moja.

Nikarudi nikamwambia. Akasema alisikia.

Ijumaa, 3 Februari

Leo. Hakuna kitu. Upepo.

Jumamosi, 4 Februari

Hakuna kitu. Nimechoma mkate.

Jumapili, 5 Februari

Naandika taratibu nisiache kitu.

Ilikuwa mchana, jua kali juu ya theluji. Orrin alikuwa kwenye pikapu, boneti imefunguliwa, injini inanguruma, ndiyo sababu hakusikia. Mimi nilimwona kutoka dirishani: mtu anapanda njia kwa miguu katikati ya alama za greda, mikono mfukoni, bila kofia. Nilimjua kwa mabega.

Niliwaweka watoto kwenye hodhi la kuogea, na mablanketi na ile sleji ya Hattie kwa sababu alikataa kuiacha. Nikamwambia ni mchezo wa mashua, asitoke mpaka nimwite jina lake lote. Akanitazama. Hakuamini ni mchezo, lakini aliketi akamshika mdogo wake.

Nikatoa bastola, nikaikoki, nikafungua dirisha kiasi cha kidole.

Orrin alikwisha kusimama kati ya pikapu na ngazi zangu. Injini ameizima. Nilisikia kila neno.

"Umekonda," Orrin akasema.

"Chakula cha jela, baba. Nimekuja kuchukua gari langu na kuona watoto wangu."

"Gari lina jina langu. Na watoto, mahakama imesema."

"Mahakama iko mjini. Hapa ni kwetu." Akasogea. "Sogea kando, mzee, usiumie bure."

"Ana bastola, Lyle."

Akacheka. Kicheko kile, Corinne, kinachokuja kabla. "Nimesikia. Kaunti nzima imesikia, Dwight hana kufuli mdomoni. Bastola ya saizi mpya, na risasi zake hazipatikani popote. Hiyo ni nyundo, baba. Tena nyundo ndogo."

"Nimemjazia mimi."

Kicheko kikakatika. Lyle aliwinda na risasi za baba yake tangu utotoni. Haijawahi kukataa kulia hata moja, kwenye mvua, kwenye barafu. Mwenyewe alikuwa akijisifia kwa hilo baa.

"Kwa ajili yangu?" akauliza, na sauti ilikuwa ya mtoto.

"Kwa ajili ya mlango ule. Kusimama mbele yake ni hiari yako."

Lyle akamsukuma. Mzee akaanguka kwenye theluji, miwani ikaruka, Lyle akaikanyaga akija. Sasa hakukuwa na mtu kati yetu. Nilikiona kifua chake juu ya mtutu, kama kitasa cha mlango. Kiganja changu kilikuwa kigumu. Nilikuwa nahesabu ngazi tu, ziko tatu, na nilikuwa nimeamua kwamba ni ya kwanza, si ya pili.

Alisimama buti moja kabla ya ngazi. Aliitazama ile nafasi ya dirisha. Sijui aliona nini, labda chuma, labda jicho langu. Nyuma yake Orrin alikuwa ameketi kwenye theluji bila miwani, hakumwita, hakumsihi. Alikuwa ameziba masikio yake kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayesubiri mlio.

Lyle aligeuka akamwona baba yake hivyo. Kisha akashuka kwa njia aliyopandia, na hakumnyanyua.

Nilimnyanyua mimi. Nikamkalisha mezani, nikamwekea kahawa. "Weka hicho chuma chini sasa, mwanangu," akasema. Miaka sita naitwa Brenna tu. Nikaitoa risasi, nikaiweka sufuriani, nikaenda bafuni kumwita Hattie kwa jina lake lote.

Jumatatu, 6 Februari

Naibu wa sherifu, niliyempigia jana kutoka juu ya kuni, alikuja nyuma ya greda. Walimkuta Lyle baa jana hiyo hiyo kabla ya giza. Amevunja amri ya mahakama, kwa hiyo amerudi ndani mpaka kesi itajwe. Lini, hakuna anayejua. Wiki mbili, labda.

Jumanne, 7 Februari

Orrin ameweka ufunguo wa pikapu juu ya meza yangu, palepale alipoweka kopo.

"Betri nzima, tangi limejaa," akasema. "Nilidhani ungeondoka Desemba."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema angesema, ingekuwa anamfukuza mama wa wajukuu zake, na pia, akaongeza akitazama nje, angekuwa amebaki peke yake mapema zaidi.

Kila Jumapili, dada. Na mimi nilikuwa naosha vyombo bila kuinua macho.

Alhamisi, 9 Februari

Tunakuja. Naibu wa sherifu anapeleka daftari hili posta mwenyewe. Ninachohitaji bado ni hiki:

Kisanduku cha chuma kinachofunguka kwa kidole, cha kuweka chini ya kiti cha gari. Sufuria ya jemu nataka irudi kwenye jemu.

Buti za theluji za Hattie, saizi kumi ya watoto, zisiwe za waridi, amekataa.

Dawa ya fizi ya Emmet. Meno mawili ya juu yanakuja.

Risasi usitafute tena.

Miwani ya kusomea, nguvu mbili na nusu, fremu pana. Hiyo itume kwa jina la Orrin Haugen, si langu, maana yeye anabaki.

Na minyororo ya matairi ya pikapu. Mlimani hairuhusiwi kupita bila minyororo, na siwezi kuinunua kwa Dwight, mji mzima utajua ninaondoka kabla sijaifunga. Nimepiga magoti nikafuta theluji kwenye tairi, nikasoma: 235/75, rimu 15. Hiyo itume kwanza, kwa njia ya haraka kuliko zote. Buti, dawa na kisanduku viache hapo kwako, nitavichukua mwenyewe.